Alizeti Zangu Zilivaa Ushungi, Mbegu Ikabaki Safi

Nalima alizeti Kongwa, ile aina ya zamani iitwayo Rekodi, ambayo mbegu yake unaweza kuirudia mwaka hadi mwaka. Shida ilikuwa majirani. Mmoja kapanda chotara huku, mwingine kapanda sijui nini kule, na nyuki hajui mpaka wa shamba, analeta chavua zao kwenye maua yangu na mbegu inachanganyika. Wataalamu wanasema utenge shamba la mbegu kwa kilomita nzima au zaidi. Kilomita hiyo niipate wapi? Nimhamishe nani?

Nikaamua kufunika vichwa vya maua, nyuki asivifikie. Hapo washauri wakajitokeza. Kijana wa duka la pembejeo akasema nitumie mifuko ya nailoni. Ile ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata ningeipata, kwa jua hili la Dodoma ua lingeiva humo ndani. Mwingine, huyu nilimwamini maana aliongea kwa uhakika sana, akasema: "Vika mfuko wa khaki, funga, ondoka, rudi kuvuna. Alizeti inajichavusha yenyewe."

Basi nikafunga, nikaondoka. Mvua ya Februari ikashuka, karatasi zikalowa, zikagandamana na maua, nyingine zikachanika, ndani ukungu mtupu. Zilizosalimika ndizo zilizoniuma zaidi. Kichwa kinene, kimepangika vizuri, unakitazama unatabasamu. Unachomoa mbegu, unaibonyeza, inabonyea. Ndani hewa. Unajaribu nyingine, hewa. Mapepe matupu! Kumbe alizeti za aina hizi kwa kawaida hazipokei vizuri chavua yake yenyewe, zinataka ya mwenzake, na nyuki ndiye huipeleka. Ukimzuia nyuki, kazi yake uifanye wewe. Hilo bwana yule hakulitaja.

Msimu uliofuata nikageukia vyandarua kuukuu. Chavua ya alizeti ni nzito na inanata, haipeperuki ovyo, hivyo matundu ya chandarua hayana neno. Lakini nyuki ni mjanja: kitambaa kikigusa ua, anatua juu yake na kuchokonoa kwa nje. Hapa mniache nijisifu kidogo. Nilikata fito mbichi, nikazipinda duara, nikazishonea ndani ya mfuko, chandarua kikasimama mbali na ua pande zote. Gharama? Uzi, na soda ya fundi cherehani.

Mzee jirani akapita, akasimama, akatazama. "Mwanangu, siku hizi alizeti nazo zinavaa ushungi?"

"Ndiyo baba, zimeshafika umri."

Funika kabla petali za njano hazijafunguka. Baada ya hapo nyuki ameshakutangulia. Vijiua vya kichwani hufunguka kwa duara, kuanzia ukingoni kwenda katikati, wiki nzima na ushee. Kijiua kimoja hutangulia kusukuma nje chavua ya njano, kesho yake ndipo kinatoa ncha mbili zilizojikunja, na hizo ndizo zinazopokea. Kwa hiyo anayechavusha mara moja tu anajidanganya. Umande ukikauka naingia na kipande cha fulana ya pamba, mwanangu nyuma na tawi la kufukuzia nyuki. Nafunua kimoja, napapasa uso wote, nafunika, naenda kinachofuata na kitambaa kile kile. Nikifika mwisho narudi cha kwanza na chavua za wenzake. Vidole vinabaki vya njano mpaka ugali wa mchana.

Vichwa vya pembeni mwa shamba usivichague. Vinanenepa kwa sababu ya nafasi, si kwa ubora wa mbegu. Na visiwe vitatu vinne, kizazi kitadhoofika. Mimi nafunika sitini hivi.

Maua yakikauka chandarua sikitoi, maana ndege wa huku hawana dini. Mgongo wa kichwa ukigeuka kahawia, nakata, naanika kivulini.

Nilipata mbegu ya eka yangu na masalio. Yule mzee ameshakuja kuulizia. Kopo la kwanza nimempa bure. La pili tumekubaliana jogoo.