Bandeji ya fedha ilivyokula fedha zangu (kidonda cha mama)

Mama ana sukari mwaka wa tisa sasa. Mwaka jana alichomwa na kijiti cha kuni mguuni wala hakusikia, nyayo zilishakufa ganzi kitambo, tukaja kushtuka kandambili imeloa usaha.

Miezi miwili nikawa nasafisha kidonda mwenyewe nyumbani na gozi za kawaida, vile vitambaa vyepesi vya kufungia vidonda. Shida ya gozi inakauka inang'ang'ania, ukiivuta inaondoka na kale kanyama kekundu kalikoanza kuota, yeye hasikii sana ila mimi ndo nilikuwa naumia nikiona damu inaanza upya kila asubuhi. Halafu kikaanza kutoa ute wa kijani na harufu ile ambayo ukiinusa mara moja huisahau.

Dokta akasema tujaribu bandeji ya nano silva. Yaani ni madini ya fedha yaliyofanywa chembe ndogo mno, unywele mmoja una unene wa kama nanomita 80,000, chembe zenyewe nanomita chini ya 100. Zikiwa ndogo hivyo eneo linalogusa majimaji ya kidonda linakuwa kubwa, basi fedha inaachia ioni zake (yaani atomi zake zenye chaji ya umeme) taratibu kwa siku kadhaa na hizo ndo zinaua bakteria. Bei yake sasa, acha tu, ndo maana inaitwa fedha.

Ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilizoea kulowesha gozi na maji ya dripu, yale ya chumvi, nikafanya vilevile. Nesi alivyosikia akaniambia "wee kaka, umeiua hiyo!" Kumbe chumvi ina kloridi, inazikamata zile ioni zinaganda zinabaki hazina kazi. Unatumia maji ya sindano, yale yasiyo na chumvi, na vaselini usipake. Baada ya hapo nikawa nabadilisha kila siku ya tatu, harufu ikakata ndani ya wiki mbili.

Ila nisidanganye mtu, insulini hakuruka hata siku moja na mguu tulimkataza kabisa kuukanyagia, aligomba kweli kweli.

Sasa kimebaki kama punje ya hindi, dokta karudisha bandeji za kawaida maana maambukizi yameisha. Pembeni pamebaki rangi ya kijivu kijivu ya ile fedha, mama kila akioga anapasugua anasema mimi simsafishi vizuri.