Viti 51 kati ya 51

Barking, Jumapili, 8 Mei 2022

Matokeo ya uchaguzi wa madiwani wa Barking na Dagenham, huku mashariki mwa London, yametoka: chama cha Labour kimechukua viti vyote 51. Ilikuwa hivyo mwaka 2010, ikawa hivyo mwaka 2014 na mwaka 2018, na sasa ni mara ya nne mfululizo. Binti yangu, ambaye siku ya Alhamisi alipiga kura kwa mara ya kwanza maishani mwake, alisoma matokeo kwenye simu tukiwa jikoni, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa mama, humo ndani nani atawauliza maswali?"

Sikuweza kumjibu papo hapo. Tangu juzi swali hilo linanizunguka kichwani, na nimeona nilikalie niliandike.

Kwangu mimi hesabu ya 51 kwa 51 ina historia. Nilihamia mtaa huu nikiwa na pasipoti ya Tanzania, na kwa miaka kadhaa niliamini kwamba kura ya nchi hii ni ya Waingereza peke yao. Sikujua kwamba raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaweza kujiandikisha katika daftari la wapiga kura, akachagua madiwani na hata mbunge. Watanzania, Wakenya na Waganda tunayo haki hiyo, ilhali ndugu zetu wa Kongo na Burundi, ambao tunazungumza nao Kiswahili kila siku kwenye vituo vya basi, hawanayo mpaka wapate uraia. Basi tarehe 4 Mei 2006 nilipita mbele ya shule iliyogeuzwa kituo cha kupigia kura, nikaliona bango lake mlangoni, nikaendelea na safari yangu ya kazini.

Hesabu ya uchaguzi ule ilipotulia, British National Party (BNP), chama kilichohubiri waziwazi kwamba watu weusi na wahamiaji hatuna nafasi katika nchi hii, kilikuwa na madiwani 12 na kimekuwa chama cha pili kwa ukubwa katika baraza. Nakumbuka jinsi nilivyotembea sokoni Jumamosi ile. Kila uso niliokutana nao niliutazama nikijiuliza kama mwenye uso huo ndiye aliyewachagua, na mpaka leo naona aibu kwa watu wengi wema niliowadhania vibaya asubuhi ile. Lakini aibu kubwa zaidi ilikuwa ya kugundua, wiki chache baadaye, kwamba kura yangu ilikuwepo na sikuitumia.

Viti vile 12 havikushuka kutoka mbinguni. Sehemu kubwa ya Dagenham ni mtaa wa Becontree, uliojengwa na serikali ya jiji la London kati ya mwaka 1921 na 1935 kwa ajili ya familia za wafanyakazi waliokuwa wakibanana katika vyumba vya East End, mitaa ya zamani ya mashariki mwa London. Zilikuwa nyumba zaidi ya 25,000, kila moja na bustani yake. Mwaka 1931 kiwanda cha Ford kikafunguliwa kando ya mto Thames, na kwa miongo mingi kijana wa hapa alimaliza shule akiwa na hakika ya kazi na ya nyumba. Sheria ya mwaka 1980 iliwaruhusu wapangaji kuzinunua nyumba hizo kwa bei nafuu, nyingi zikauzwa, na zilizojengwa kuziba pengo zilikuwa chache mno. Mwaka 2002 Ford ikaacha kuunganisha magari hapa, ikabaki kutengeneza injini. Wakati huohuo sisi wageni tukawa tunahamia kwa sababu kodi za hapa zilikuwa chini kuliko kwingine London. Sensa ya mwaka 2001 iliwakuta Waingereza weupe wakiwa takriban asilimia 81 ya wakazi. Miaka kumi baadaye hawakufika nusu. Katika hali hiyo BNP ilisambaza madai kwamba Waafrika wanalipwa pauni 50,000 ili waje kununua nyumba huku. Ulikuwa uongo mtupu, lakini ulimfikia mtu ambaye mwanawe alikuwa kwenye foleni ya nyumba kwa miaka, na ambaye hakuna aliyemweleza kwa nini foleni haisogei.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mzee wa Kiingereza, mstaafu wa kiwandani, aliyezaliwa katika nyumba hiyohiyo anayoishi. Hakuwahi kunieleza alimpigia nani mwaka 2006, nami sikumuuliza. Alichowahi kuniambia, tukiwa kila mmoja upande wake wa ua, ni kwamba kwa miaka mingi alijiona kama mtu anayeongea na mlango uliofungwa. Nilimwelewa zaidi ya alivyodhani.

Tarehe 6 Mei 2010 uchaguzi wa madiwani uliangukia siku moja na uchaguzi mkuu. Watu wa kujitolea walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba kwa miezi, Waislamu, Wakristo, wanafunzi, wazee wa vyama vya wafanyakazi, wakiwahimiza watu wajitokeze. Nilitoka kazini usiku, nikaenda moja kwa moja kituoni kabla sijalala, nikapewa karatasi na penseli fupi iliyofungwa kwa uzi kwenye kibanda. Nilitia alama zangu tatu polepole sana, kwa kuwa kata yetu ina madiwani watatu na kila mpiga kura huchagua majina mpaka matatu. Kiongozi wa BNP, Nick Griffin, aliyegombea ubunge wa Barking dhidi ya Margaret Hodge wa Labour, akashika nafasi ya tatu, na madiwani wao wote 12 wakaondoka. Labour ikachukua viti 51. Siku ile nililia kwa furaha, na furaha hiyo siifuti.

Miaka 12 imepita, na hesabu ni ileile, lakini mimi siisomi tena kama nilivyoisoma siku ile. Mwaka 2010 namba 51 ilikuwa na maana kwamba watu wa mtaa huu wameukataa ubaguzi kwa pamoja. Mwaka huu BNP haipo tena katika kinyang'anyiro cha maana, na namba hiyo inasema jambo jingine: kwamba maelfu ya majirani zetu waliochagua vyama vingine hawana hata diwani mmoja. Mfumo wenyewe ndio unaozaa hali hii. Katika kila kata wanaopata kura nyingi zaidi ndio wanaoingia, na kwa kuwa wengi huchagua majina yote ya chama kimoja, chama kinachoongoza hata kwa kura chache huweza kuzoa viti vyote vya kata, viwe viwili au vitatu. Rudia hivyo katika kata zote 19, na upande wa pili unabaki bila kitu. Lewisham, halmashauri nyingine ya London, mwaka huu imetokea hivyohivyo, viti 54 kati ya 54. Kwa jirani zetu wa Newham, ambao nao walikuwa na madiwani wa chama kimoja tu tangu mwaka 2010, safari hii wamepenya wawili wa chama cha Kijani katikati ya 64 wa Labour, na nakiri kwamba nilipoisoma habari hiyo niliwaonea wivu, ingawa chama hicho si changu.

Labda wasiwasi wangu una asili nyingine. Kura yangu ya kwanza niliipiga Muheza mwaka 1990, katika uchaguzi wa mwisho wa chama kimoja. Wagombea ubunge walikuwa wawili, wote wa CCM, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Tulishindana kweli, tukaimba, tukagombana hata ndani ya familia moja kwa sababu ya jembe na nyumba, na bado kila aliyeshinda alikwenda kukaa upande uleule. Sifananishi. Hapa chama chochote kinaruhusiwa kusimamisha watu, hakuna anayeogopa kupiga kura atakavyo, na madiwani wa Labour wameshinda kwa haki. Najua pia kwamba wapo miongoni mwao wanaofanya kazi hadi usiku. Lakini kamati zilizowekwa kuwachunguza wanaoongoza halmashauri zinajazwa na madiwani wa chama hichohicho, na diwani atakayeuliza swali gumu leo ni mtu atakayehitaji kuteuliwa tena na chama chake mwaka 2026. Nimeishi vya kutosha kujua jinsi swali linavyolainika likipita katika njia hiyo. Na mambo yanayoamuliwa mle ni ya kila siku: malezi ya watoto wasioweza kulelewa na wazazi wao, matunzo ya wazee, maktaba, takataka, na juu ya yote nyumba, ambazo ndizo zilizotufikisha tulipofika mwaka 2006.

Alhamisi tulikwenda kituoni mimi na binti yangu jioni, Idi ikiwa imepita siku tatu tu, yeye bado ana hina mikononi. Hapakuwa na foleni. Msimamizi alimtafuta kwenye orodha, akapiga mstari kwa rula juu ya jina lake, akamkabidhi karatasi. Alikaa kibandani muda mrefu hata nikaanza kuwa na wasiwasi. Alipotoka aliniambia kwamba alikuwa akiyasoma majina yote, mpaka ya wale ambao hangewachagua, kwa sababu aliona ni adabu kumsoma mtu aliyejitokeza. Sikuwahi kufikiria hivyo katika miaka yote ya kupiga kura.

Leo asubuhi nilimpa jibu langu. Nilimwambia kwamba vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa umma, kwamba kikao cha kwanza cha baraza jipya kitakuwa mwezi huuhuu, na kwamba kama humo ndani hakuna wa upande wa pili wa kuuliza, sisi tunaweza kwenda kukaa kwenye viti vya wananchi tukasikiliza, kisha tukawaandikia madiwani wetu watatu na kusubiri majibu kwa maandishi. Ameshaanza kuandika. Swali lake la kwanza ni kati ya nyumba zinazojengwa sasa ngapi zitapangishwa kwa kodi ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaimudu, na amelifuta na kuliandika upya mara tatu ili lisiache mwanya. Mchana nilimweleza jirani yangu pale uani. Aliegemea reki yake, akafikiri, akauliza kama ukumbini kuna lifti, maana goti lake la kushoto halipandi tena ngazi. Nimemwahidi kuulizia kesho.