Madereva Wawili

Wakati huo nilikuwa afisa tathmini katika shirika moja la misaada mjini Dodoma. Mkurugenzi alitaka kujua morali ya wafanyakazi ikoje, nami nikaandaa dodoso la sentensi ishirini, kila moja ijibiwe kwa alama 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa), kipimo alichokibuni mwanasaikolojia Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932. Majina sikuomba. Niliomba idara na miaka ya kazi tu.

Majibu yakarudi nne na tano tupu. Hata pale pa "Naridhika na malipo yangu", ilhali posho za safari zilikuwa hazijalipwa miezi miwili.

Wiki iliyofuata tukaenda Kongwa. Tulipopita Buigiri nikamwambia dereva, mzee tuliyemwita Babu, kwamba watu wameonyesha kuridhika. Akanyamaza mpaka tulipokata kona ya Mbande.

"Mwanangu, madereva tuko wangapi?"

"Wawili, Babu."

"Mwenzangu ana mwaka mmoja, mimi kumi na moja. Sasa karatasi yangu ilikosa nini hata usijue ni yangu?"

Sikuwa na jibu.

"Na lile la kujivunia kazi, nilijaza tano ya kweli. Mabomba ya kisima cha kule tuendako niliyabeba mimi. Lakini mradi unaisha Desemba. Mbona hilo hamkuliuliza peke yake?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokosea, na hadi leo naona mashirika mengi yakikosea hapohapo. Mtu wa kazi za misaada anaweza kuipenda kazi kwa moyo wote huku halali usingizi kwa sababu ya mkataba. Mimi nilivijumlisha vyote viwili nikapata wastani ambao haukuwa wa mtu yeyote.

Nikaanza upya. Idara na miaka nikaviondoa, maswali ya mkataba nikayatenga na ya kujivunia kazi, karatasi zikatumbukizwa kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo akakaa nao mtu wa nje ya ofisi. Safari hii kujivunia kulibaki juu. Mkataba ukapata moja na mbili.

Nyuma ya karatasi moja paliandikwa kwa herufi kubwa: "KAMA HAMTUONGEZI, TUAMBIENI KABLA YA MVUA, TUANDAE MASHAMBA."

Mkurugenzi aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza tarehe. Ilikuwa Oktoba 9. Akaita kikao jioni ileile.