Medali ya Afrika kwenye koti la mzee

2014 nilikuwa nafanya kazi ya kutunza wazee kule Exeter, Uingereza, na mmoja wao alikuwa meja mstaafu, mzee mpole ila wa mambo yake, chai isipoiva vizuri anairudisha. Novemba, wiki ya kukumbuka mashujaa wao, binti yake akaniomba ning'arishe medali za babake azivae Jumapili. Sawa tu, nikachukua kitambaa nikaanza.

Moja ilikuwa na utepe wa njano, kingo nyeusi, na mistari miwili ya kijani. Mbele kichwa cha Malkia, nyuma mwanamke amesimama na simba, chini AFRICA. Juu kwenye utepe kuna kibao kidogo cha fedha: KENYA. Hiyo walipewa wanajeshi waliokuwa kwetu kuanzia Oktoba 1952 hadi Novemba 1956, yaani emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa vita vya Mau Mau.

Nikamuuliza, akachangamka ajabu! Alitoka Sandhurst, chuo chao cha maofisa wa jeshi, akaja na Devons, kikosi cha kule Devon, 1953 akiwa luteni, 1958 kikosi chao kikaunganishwa na cha Dorset, akaenda Cyprus, sijui wapi tena, akapanda mpaka umeja. Lakini stori zake zote ni milima ya Aberdares huku kwetu, mianzi, mvua, kulala na buti, kifaru kuwatokea wakatawanyika kila mtu na njia yake. Halafu akanionyesha Kiswahili chake: "Simama! Mikono juu! Lete kipande!" (kile kitambulisho cha wakoloni). Akacheka.

Mi sikucheka. Nikamwambia nyanyangu ni wa Nyeri, 1954 nyumba yao ilichomwa wakasukumwa kijiji cha emajensi, wanawake ndio walichimbishwa handaki kukizunguka na kusimika vijiti vilivyochongwa, shamba unaenda kwa saa za kupangiwa, na wanakijiji walikuwa wanawaita askari wazungu majoni. Akasema yeye alikuwa msituni, vijiji vilikuwa kazi ya serikali na homgadi, wale Waafrika walinzi waliokuwa upande wa serikali. Labda, lakini vijiji viliwekwa ndo wapiganaji wa msituni wakose chakula, na ofisa wa msituni asijue hilo? Wacha tu.

Akauliza kwani walioteswa wakati wa emajensi hawakulipwa juzi na serikali ya Uingereza. Nikamwambia walilipwa 2013, watu 5,228, pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za mawakili, nyanya hayumo.

Jumapili alivaa zote. Mimi ndo nilimsukuma kwa wilicheya hadi kwenye mnara pale mbele ya kathedro, baridi inakata masikio, na yale masaa niliyaandika yote ovataimu.