Mtaala Unao, Mwalimu?

Mwaka wangu wa kwanza kazini, wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, walitua bila hodi, nami nina vumbi la chaki hadi kwenye nyusi. Mmoja wao, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akavuta kiti mbele ya meza yangu. Azimio la kazi? Lipo. Andalio la somo? Hili hapa. Nukuu za somo? Nikatoa (zilikuwa nyuma wiki mbili, bahati hakufunua).

"Mtaala unao, Mwalimu?"

Nikamkabidhi kile kitabu changu cha majedwali, kimechakaa kona zote. Akatazama jalada, akanirudishia taratibu. "Huu ni muhtasari, mwanangu. Nimeomba mtaala."

Chuoni niliulizwa tofauti hiyo kwenye mtihani, nikajibu, nikafaulu. Ila mtaala wenyewe sikuwahi kuushika.

Jina nalo linachanganya. Baba mkwe, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kijiji, akisikia nahangaika na muhtasari hudhani ni kumbukumbu za mkutano, huuliza kikao kilikuwa cha nini. Wakenya wanaosema silabasi wameepuka adha hiyo.

Muhtasari ni wa somo moja. Wangu ni wa Kiswahili: umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, vigezo vya upimaji, zana, na ile safu ya mwisho inayotunyima usingizi, idadi ya vipindi. Mtaala uko juu ya masomo yote. Humo ndimo wamesema taifa linataka kijana wa namna gani, asome masomo yapi na kwa lugha ipi, anayemfundisha awe na sifa gani, apimwe vipi. Vyote viwili huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024, kundi letu la WhatsApp lilijaa maombi ya mihtasari. Mtu akatuma na mtaala. Sidhani kama kuna aliyeufungua, nami nilichelewa vilevile.

Nilikuja kuusoma kwa sababu ya bibi anayeuza maandazi getini. Tulikuwa kwenye fasihi simulizi, nimechoka kuwaandikia ubaoni sifa za ngano wakati wanafunzi wenyewe hawajawahi kukaa wakasimuliwa. Nikamwomba bibi aingie darasani. Alikataa kiti, akaketi kwenye ndoo yake aliyoifunika, akaanza: "Paukwa!" Darasa kimya. Hawakujua kuitikia! Akawafundisha. Alipomaliza, kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu mwaka uanze sijamsikia zaidi ya "nipo Madam", akanyanyuka akasimulia ya sungura aliyoipata kwa bibi yake. Anakwama, anachomeka Kisukuma, wenzake wanamtafsiria, anaendelea. Nilipanga vipindi viwili. Vilikwenda vitano, maana wengine nao walidai zamu.

Mwalimu wa taaluma akaniita. "Madam, uko nyuma. Hawa wana upimaji wa taifa mwisho wa mwaka."

Usiku ule nikaupakua mtaala, asubuhi nikachapisha kurasa chache steshenari. Nikampelekea, nimepiga mstari kwa kalamu nyekundu: mawasiliano, ubunifu, ushirikiano. Nikamwambia kwamba yule kijana wa nyuma amefanya yote matatu kwa mkupuo, na kwamba muhtasari ndio uliotolewa kwenye mtaala, si mtaala uliotolewa kwenye muhtasari.

Alisoma kweli, sikatai. Akazikunja zile karatasi, akanirudishia.

"Mtaala hautungi mtihani, Madam."

Jumamosi nikaja kufidia vipindi. Bibi wa maandazi akaniuliza getini atarudi lini darasani, maana amekumbuka nyingine, ya fisi.