Namna Nilivyoyapatanisha Matabaka ya Data katika Ramani Moja

Nilitakiwa kutengeneza ramani ya visima vya maji katika bonde la mto, na data zake zilinifikia kutoka kwa watu mbalimbali: jedwali la visima lenye latitudo na longitudo, faili la mito, faili la mipaka ya vijiji, na rasta (picha ya vyumba vidogo, kila kimoja kikibeba namba yake) ya mwinuko wa ardhi iliyotokana na vipimo vya SRTM, mradi wa kupima mwinuko wa dunia kwa rada, vilivyokusanywa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000. Nilitumia QGIS, ambayo ni programu huria ya kutengeneza ramani. Kuongeza tabaka, yaani seti moja ya data inayochorwa juu ya nyingine, hakuhitaji ujuzi wowote humo, kwa kuwa unalikokota faili hadi kwenye dirisha la ramani nalo linaonekana. Ujuzi unahitajika pale unapotaka matabaka yote yakae mahali pake halisi.

Nilianza na jedwali. Programu huuliza safu ipi ni X na ipi ni Y, na hapo ndipo mazoea ya kutaja latitudo kwanza yanapoponza watu, kwa sababu X ni longitudo. Nukta zilipojitokeza, baadhi ya visima vilikuwa baharini, katika Ghuba ya Guinea, mahali ambapo latitudo 0 inakutana na longitudo 0. Aliyejaza jedwali aliandika sifuri palipokosekana vipimo. Visima vingine havikuonekana kabisa, kwani desimali zake zilitenganishwa kwa mkato badala ya nukta. Niliziondoa sifuri, nikaifanya alama ya desimali iwe moja katika jedwali zima, kisha nikaliongeza upya.

Mipaka ya vijiji ndiyo iliyonichukulia muda mrefu zaidi. Faili lake lilikuwa la aina ya shapefile, ambayo kwa kweli ni mkusanyiko wa mafaili kadhaa yenye jina moja, na lile la .prj, linaloeleza mfumo wa majiranukta (namba zinazoonyesha mahali), halikuwamo. QGIS iliweka alama ya kuuliza kando ya jina la tabaka, na kila nilipokuza ramani hadi kwenye mipaka, visima vilitoweka. Nikafungua sifa za tabaka na kuangalia upeo wake, yaani majiranukta ya kingo zake: namba za mashariki zilikuwa na tarakimu sita na za kaskazini zilikuwa na tarakimu saba. Digrii haziwezi kufika huko, kwa maana longitudo inaishia 180. Hizo zilikuwa mita, na mpangilio wake ulifanana na wa UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda 60 zenye upana wa digrii 6 kila moja. Sikutaka kubahatisha kanda, kwa hiyo nilimwuliza aliyenitumia faili, naye akanithibitishia.

Hapa pana tofauti ambayo, kwa maoni yangu, ingepaswa kufundishwa kabla ya jambo lingine lolote. Kulitangazia tabaka mfumo wake hakubadilishi namba hata moja. Ni kuiambia programu namba zilizopo zina maana gani. Kulihamishia tabaka katika mfumo mwingine ni hesabu inayozaa namba mpya, na kwa kawaida hutunzwa katika faili jipya. Mipaka ilihitaji kutangaziwa. Visima, vilivyokuwa katika WGS 84, mfumo wa latitudo na longitudo wenye namba ya utambulisho EPSG:4326, nilivihamishia katika kanda ileile ya UTM, ingawa QGIS ingeweza yenyewe kuyapatanisha matabaka kwenye skrini, kwa sababu nilikusudia kuchora mzingo wa mita 500 kuzunguka kila kisima, na katika tabaka la digrii namba 500 husomwa kuwa digrii 500.

Matokeo niliyatunza katika GeoPackage, ambayo huweka matabaka mengi ndani ya faili moja na haiyakati majina ya safu yanayozidi herufi 10 kama shapefile inavyofanya. Kisha nikaunganisha jedwali la idadi ya watu na mipaka kwa kutumia msimbo wa kijiji. Vijiji kadhaa vilibaki vitupu, kwani msimbo kama 0407 ulikuwa umesomwa kuwa namba 407. Nililiingiza jedwali tena huku safu hiyo ikiwa ya maandishi.

Mpangilio wa mwisho ulikuwa mwepesi: mwinuko chini kabisa, juu yake mipaka isiyojazwa rangi, kisha mito, kisha visima. Majina ya vijiji niliyawekea kikomo cha skeli ili yasijazane ramani inapotazamwa kwa mbali. Faili la mradi la QGIS hutunza njia za kuyafikia matabaka yaliyo katika mafaili mengine, wala halizibebi data zake, hivyo nilihakikisha kwamba njia hizo zinaanzia kwenye folda ya mradi, nikaituma folda nzima.