Ngozi ya korodani kulegea: ipi ya kawaida, ipi ya kupeleka hospitali

Ukitoka kuoga maji ya moto, korodani zinaning'inia. Ukioga maji ya baridi alfajiri, ngozi inajikunja makunyanzi na zinapanda juu. Huo si ugonjwa. Chini ya ngozi kuna msuli mwembamba uitwao datosi, na ndani upo mwingine, kremasta, unaovuta korodani. Mbegu hutengenezwa vizuri penye nyuzijoto 2 hadi 4 chini ya 37 za mwili, kwa hiyo kukiwa na joto ngozi hulegea, kukiwa na baridi hukaza. Ya kushoto kwa kawaida huwa chini zaidi ya kulia.

Umri ukisogea, nyuzi zinazoipa ngozi mvutano hupungua, na hilo halizuiliki. Sigara huharakisha uchakavu. Hakuna krimu, mafuta wala mazoezi yanayokaza ngozi ile; usitupe hela yako. Barafu hukaza kwa dakika chache tu, tena huweza kuunguza. Ukisumbuliwa na uzito wakati wa kukimbia, vaa chupi ya pamba inayoshikilia bila kubana.

Kosa ninaloomba uliache leo ni kupaka krimu zenye betamethasoni au klobetasoli (dawa kali za steroidi za kutuliza muwasho) kila pumbu zinapowasha. Ngozi ya hapo hunyonya dawa kupita kiasi. Ukipaka wiki baada ya wiki inakonda, inakuwa nyekundu na kuchoma, na fangasi, kama ndiyo chanzo, wanazidi kuenea.

Kisha jikague mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga maji ya uvuguvugu. Simama, viringisha kila korodani taratibu kati ya kidole gumba na vidole vingine. Ukigusa kitu kama minyoo iliyojikunja juu ya korodani, mara nyingi kushoto, ni mishipa ya damu iliyovimba. Huweza kupunguza uzazi. Ikiwa haipotei ukilala chali, au iko kulia peke yake, usichelewe kupimwa. Mfuko ukijaa na mwanga wa tochi ukapenya, huenda ni busha, ambalo huku pwani mara nyingi hutokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Busha hutibiwa kwa upasuaji. Uvimbe mgumu usiouma nao ni wa daktari.

Maumivu makali ya ghafla, korodani moja ikiwa imepanda juu, hasa kwa kijana, huenda ni korodani iliyojinyonga, yaani imejisokota na kukosa damu. Usimpe panadoli alale. Mpeleke hospitali usiku huohuo, kwani muda wa saa 6 ukipita tangu maumivu yaanze, uwezekano wa kuiokoa hupungua haraka.